Uso wa bingwa au muhuri wa kiwango: ulinganisho kwa anayetaka kununua kiongezeo cha oili ya injini

Mwenye gari anaposimama mbele ya rafu ya vilainishi hukutana na ahadi za aina mbili ambazo kwa mbali hufanana. Kwenye galoni la oili yenyewe kuna muhuri mdogo wa duara wenye herufi chache zisizomwambia mengi asiye fundi, kama vile API SP, alama ya kiwango cha ubora, na 5W-30, alama ya uzito wa oili. Kwenye chupa ndogo iliyo kando yake kuna picha ya gari la mashindano, jina la dereva aliyewahi kutwaa ubingwa, na maneno makubwa yanayoahidi kupunguza msuguano, kuokoa petroli na kurefusha maisha ya injini. Ahadi ya kwanza haina sura ya mtu. Ya pili ina sura inayofahamika, na ndiyo maana huuza.

Makala haya yanaziweka ahadi hizo mbili bega kwa bega, kisha yanazipitia chupa zenyewe aina kwa aina, kwa sababu hazifanani na si kila anayezinunua anakosea. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyosoma: uso wa mtu maarufu hauongezi chochote kwenye ushahidi, hata pale bidhaa yenyewe ina manufaa, na chupa chache zinazostahili kununuliwa hustahili kwa sababu ambazo bingwa hana haja ya kuzisemea.

Kilichomo tayari ndani ya galoni

Ulinganisho mwingi kuhusu jambo hili hupotoka mwanzoni kwa kudhani kwamba oili ya injini ni mafuta matupu yanayosubiri kuongezewa nguvu. Oili ya leo ni mchanganyiko uliokwisha kutiwa dawa kiwandani. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, lakini kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 30 ya kilichomo ni viongezeo: visafishaji vyenye kalisi au magnesi vinavyopambana na asidi na uchafu unaoganda kwenye pistoni, vitawanyishi vinavyozuia masizi yasijikusanye kuwa tope, vizuia oksidi vinavyochelewesha oili kuchakaa kwa joto, vizuia povu, polima zinazofanya mnato, yaani uzito wa oili, usipungue mno injini inapochemka, na kemikali ya zinki na fosforasi iitwayo ZDDP, ambayo imetumika tangu miaka ya 1940 kujenga utando mwembamba juu ya chuma pale ambapo oili peke yake hubanwa ikatoka.

Dawa hizo hazikai kila moja kivyake. Kadhaa kati yake hugombania nafasi juu ya uso uleule wa chuma, kiasi kwamba ukizidisha moja unaweza kuipunguzia nguvu nyingine. Fosforasi ni mfano mzuri. Huilinda kamshafti, mhimili unaofungua vali, isisagike, lakini sehemu yake huungua na kutoka na moshi, ikafika kwenye katalisti ya ekzosi, kifaa cha kusafisha moshi, na kuidhoofisha. Kwa hiyo viwango vya sasa vya oili nyepesi za magari ya petroli vimeiwekea ukomo wa asilimia 0.08. Kalisi nayo imekuwa na kisa chake. Ilipokuja mitindo ya injini ndogo zenye turbo na sindano zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iligundulika kwamba visafishaji vyenye kalisi nyingi huchangia mchanganyiko wa hewa na petroli kuwaka kabla ya wakati wake injini inapovuta mzigo kwa mizunguko midogo, na mlipuko huo wa mapema unaweza kuvunja pistoni. Watengenezaji walilazimika kusawazisha upya mchanganyiko wao, na kiwango cha API SP kilichoanza kutumika mwaka 2020 kina jaribio la kupima hatari hiyo.

Anayemimina chupa ya pili juu ya mchanganyiko huo, basi, anafanya kazi ya mkemia bila kuwa na maabara. Pengine hatadhuru chochote. Lakini anabadilisha mizani ambayo mtu mwingine aliigharamia kuipata, na anaibadilisha kwa kutegemea lebo ambayo mara nyingi haisemi kuna nini ndani.

Muhuri unashuhudia nini, uso unashuhudia nini

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na inafaa kuukalia.

Muhuri wa API hutolewa kwa leseni na Taasisi ya Petroli ya Marekani. Ili kuupata, mchanganyiko hupitishwa kwenye mfululizo wa majaribio ya injini halisi zinazoendeshwa kwa saa nyingi chini ya masharti yaliyoandikwa: kuna linalopima jinsi oili inavyostahimili joto, linalopima kusagika kwa kamshafti na cheni, linalopima tope, na linalopima matumizi ya mafuta. Baada ya majaribio injini hufunguliwa, na vipande vyake hupimwa na kupewa alama. Taasisi hiyo pia hununua sampuli madukani na kuzichunguza, na leseni inaweza kuondolewa. Mfumo huu si mkamilifu. Kiwango ni kima cha chini na si cheti cha ubora wa juu, na muhuri wenyewe unaweza kughushiwa na wauzaji wa oili bandia. Hata hivyo, unamwambia mnunuzi jambo moja la hakika, kwamba kuna jaribio lenye jina, lenye masharti na lenye alama ya kufaulu au kufeli. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba taasisi hiyohiyo haitoi leseni kwa viongezeo vinavyouzwa pembeni. Chupa ndogo inayotumia maneno kama «inakidhi viwango vya API» inazungumzia, pengine, oili unayoimimina ndani yake, wala si chupa yenyewe.

Uso wa bingwa hushuhudia kitu kingine. Unashuhudia kwamba kampuni na mtu huyo wamekubaliana malipo. Hilo si uovu. Michezo ya magari ni ghali, na bila wafadhili isingekuwepo. Tatizo ni kwamba ushahidi wa dereva, hata akiwa mkweli kabisa, hauhamishiki kutoka gari lake kwenda gari lako. Injini ya mashindano huendeshwa kwa mizunguko mikubwa kwa saa chache, hubadilishiwa oili mara kwa mara kwa kiwango ambacho hakuna mwenye gari la kawaida angekivumilia, kisha hufunguliwa na kujengwa upya. Injini ya mtu wa kawaida hufa kwa sababu nyingine: kuwashwa ikiwa baridi mara nyingi, safari fupi zisizoiacha ipate joto, foleni, vumbi, na oili iliyokaa ndani kupita muda wake. Dereva wa mashindano hajawahi kuyaona hayo ndani ya gari lake la kazi, kwa hiyo hata akisema «naiamini», anaiamini kwa matumizi yasiyokuhusu.

Sheria imejaribu kuziba pengo hilo kwa kiasi. Nchini Marekani, ambako biashara hii ya chupa ilikua kuliko kwingine, Tume ya Shirikisho ya Biashara, ijulikanayo kwa herufi FTC, ina miongozo inayotaka kwamba tangazo likidai mtu maarufu anatumia bidhaa, basi awe anaitumia kweli, na kwamba maneno yake yasidai jambo ambalo kampuni yenyewe isingeweza kulithibitisha. Mwaka 1978 mwimbaji Pat Boone, aliyekuwa akitangaza dawa ya chunusi, alikubali kuchangia marejesho ya fedha kwa wateja. Kisa hicho hutajwa hadi leo kama mwanzo wa watu maarufu kubebeshwa dhamana ya wanachokisifu. Kisa chake hakihusu oili, lakini kinaonyesha jinsi kizingiti kilivyo chini: dhamana hiyo huja baada ya bidhaa kuuzwa na malalamiko kufikishwa, ilhali jaribio la muhuri hutangulia mauzo.

Kumbukumbu ya chupa zenyewe

Chapa iliyowafundisha wengine jinsi ya kuuza kwa sura ni STP, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1954. Katika miaka ya 1960 iliongozwa na Andy Granatelli, mtu wa mashindano aliyejua kamera kuliko wauzaji wengi wa oili. Aliingiza magari kwenye mbio za Indianapolis 500, akamwaga vibandiko vya chapa kila mahali, na mwaka 1969 Mario Andretti akamshindia mbio hizo. Kuanzia 1972 chapa hiyo ilikaa kwenye gari la Richard Petty, dereva aliyemaliza kazi yake akiwa na ushindi 200 katika daraja la juu la NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, idadi ambayo haijafikiwa na yeyote katika daraja hilo. Ukitafuta mkusanyiko mzito zaidi wa heshima ya kimichezo kwenye chupa moja, huenda usiupate.

Yafuatayo ni ya rekodi. Mwaka 1976 kampuni hiyo iliwekewa na FTC amri ya kutotoa madai yasiyo na uthibitisho. Mwaka 1978 ilikubali malipo ya jumla ya dola 700,000 kuhusiana na matangazo yaliyodai kwamba kiongezeo chake hupunguza kiasi cha oili ambacho injini hula, na sehemu ya fedha hizo, dola 200,000, ilitumika kuchapisha magazetini tangazo la kuwaarifu watu juu ya mapatano yenyewe. Mwaka 1995 kampuni iliyokuwa ikimiliki chapa hiyo wakati huo ililipa adhabu ya dola 888,000 kwa shutuma za kuikiuka amri ya 1976. Ushindi 200 wa Petty ulikuwa halisi, na mapatano hayo pia yalikuwa halisi. Mambo hayo mawili hayakuwahi kupingana, kwa sababu hayakuwahi kuhusiana.

Slick 50 ilifuata njia yake kwa kuahidi utando wa PTFE, kemikali ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Tume ilipoishtaki mwaka 1996 ilidai kwamba injini nyingi hulindwa vya kutosha na oili iliyopendekezwa na mtengenezaji, hata wakati wa kuwashwa, na kwamba bidhaa hiyo haikuwa ikivika vipande vya injini utando kama ilivyodaiwa. Mwaka 1997 shauri lilimalizwa kwa mapatano yenye thamani ya angalau dola milioni 10 kwa wateja. Baadaye ikawa zamu ya Dura Lube, iliyokubali kulipa dola milioni 2 mwaka 2000, na zMax, iliyokuwa mali ya kampuni yenye viwanja vya mashindano, ambayo mwaka 2003 ilikubali kutenga dola milioni 1 baada ya kudai kuongeza umbali unaokwenda kwa kila galoni la petroli. Prolong na Motor Up pia zilishtakiwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Haki inataka niongeze mawili. Mashauri ya namna hii kwa kawaida humalizwa bila kampuni kukiri kosa. Vilevile, hoja ya tume mara nyingi haikuwa kwamba chupa inaua injini, bali kwamba madai hayakuwa na ushahidi, na hizo ni tuhuma mbili tofauti. Baadhi ya chapa hizo zipo sokoni hadi leo, mchanganyiko wake umebadilika na maneno ya lebo yamepunguzwa makali. Anayelinganisha leo asihukumu chupa ya leo kwa kesi ya 1978, lakini asisahau pia kwamba kila moja ya majina hayo ilitangazwa kwa kujiamini kulekule.

Maonyesho yanayoshawishi

Mbali na uso, kinachouza chupa hizi ni onyesho, na maonyesho yanalinganishika vizuri kwa sababu kila moja linaficha kitu kilekile: gari au mashine ya kulinganishia.

La kwanza ni la bisibisi. Granatelli alikuwa akichovya ncha ya bisibisi kwenye STP na kumtaka mtu aishike kwa vidole viwili, haikushikika. Watazamaji waliona utelezi wa ajabu. Walichokiona kilikuwa mnato, yaani uzito wa kimiminika kinachong'ang'ania chuma, na kimiminika chochote kizito cha aina hiyo kingefanya vivyo hivyo. Ndani ya injini, uzito huo si lazima uwe fadhila: oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na hula nguvu kuisukuma.

La pili ni la mashine ya mkono mmoja, ambapo kipande cha chuma hukandamizwa kwenye gurudumu linalozunguka hadi kikwaruzike na kukwama. Oili ya kawaida hukwama mapema; ikitiwa matone ya dawa, mkono unaweza kubebeshwa uzito mwingi na gurudumu likaendelea kuzunguka. Onyesho ni la kweli, lakini swali lake si la injini. Kifaa hicho kimetokana na vipimo vya vilainishi vya mgandamizo mkubwa, kama grisi na oili za gia, na kemikali zenye klorini hung'ara sana katika kipimo hicho kwa sababu klorini huuma chuma haraka kwa kemia ikaacha utando unaoteleza. Ndani ya injini, beringi za krankshafti haziguswi hivyo. Huelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Klorini hiyohiyo iliyoshinda mezani, ikikutana na joto na maji yanayotokana na uchomaji wa petroli, inaweza kuzaa asidi inayokula metali. Kwa hiyo kitu kinaweza kufaulu vizuri sana kwenye mashine hiyo na kuwa kitu usichokitaka ndani ya injini.

La tatu ndilo la kusisimua zaidi: oili inamwagwa yote, na gari linaondoka. Swali la kuuliza ni moja tu. Gari la pili, lenye oili ileile bila dawa, liliondoka nalo likaenda umbali gani? Injini iliyotoka kumwagwa oili bado ina utando kwenye beringi na kwenye kuta za silinda, na ikiendeshwa polepole bila mzigo inaweza kuendelea kwa muda unaomshangaza mtazamaji, iwe ilitiwa dawa au haikutiwa. Isitoshe, mnunuzi hanunui oili ili aendeshe gari lisilo na oili.

Chupa dhidi ya chupa

Tukiondoa majina na picha, viongezeo vya pembeni hugawanyika kwa kilichomo, na hapo uamuzi huwa rahisi zaidi.

Vyenye PTFE ningeviacha. Ni chembe ngumu zinazoelea kwenye oili, ambazo zinaweza kukamatwa na filta, na ushahidi wa kwamba hujipaka juu ya chuma ndani ya injini inayofanya kazi ndio uliokosekana katika kesi kubwa kuliko zote. Vyenye klorini ningeviacha kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Vyenye molibdeni au boroni viko katika daraja jingine. Molibdeni disulfidi ni kilainishi kigumu cha kweli chenye historia ndefu katika grisi na mashine, na kemikali za molibdeni zinazoyeyuka kwenye oili hutumiwa na watengenezaji wa oili wenyewe kupunguza msuguano. Hilo ndilo linalonifanya nisivibeze, na hilohilo ndilo linalonifanya niulize kwa nini uvinunue pembeni. Kama oili yako tayari ina kipunguza msuguano, nyongeza inaweza kuwa ndogo isiyoonekana. Kama haina, kununua galoni la oili bora zaidi kutakupa mchanganyiko uliosawazishwa kwa nyongeza ya bei inayokaribiana na ile ya chupa.

Vizito, yaani vile vinavyomiminika kama asali, vina kazi moja ya kweli: kupunguza dalili. Injini iliyochoka ringi, inayotoa moshi wa bluu na kula oili, itatulia kidogo ikiongezewa mnato, na kelele za vali zinaweza kupungua. Ugonjwa haujaondoka. Mwenye gari anayejua kwamba injini imefika mwisho na anataka kusukuma miezi kabla ya matengenezo makubwa anaweza kuchagua njia hii akijua anachokifanya, ingawa angeweza kupata matokeo ya namna hiyo kwa kutumia oili ya mnato wa juu zaidi ulioruhusiwa kwenye kitabu cha gari, au oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini zilizokwenda umbali mrefu. Muuzaji wa gari lililotumika anaweza pia kuichagua njia hii kwa nia isiyo njema, na kwa mnunuzi wa gari la namna hiyo oili nzito isiyo ya kawaida kwenye kijiti cha kupimia ni jambo la kuuliza.

Vya kulainisha sili vina hoja inayoeleweka. Mpira wa sili hukauka na kusinyaa kwa miaka, na kemikali za kundi hili huufanya uvimbe na kulainika kidogo, hivyo mvujo mdogo wa jasho la oili unaweza kukoma. Mpira uliochanika hautashonwa na kimiminika chochote. Vikitumika kupita kiasi, sili hulegea mno, na mvujo hurudi ukiwa mkubwa kuliko wa awali.

Visafishaji vinavyotiwa muda mfupi kabla ya kumwaga oili vinahitaji tahadhari kwenye injini iliyotelekezwa, maana tope likibanduka kwa vipande vikubwa linaweza kwenda kuziba kichujio cha pampu. Kubadilisha oili mara mbili tatu kwa vipindi vifupi hufanya kazi hiyo taratibu na kwa hatari ndogo.

Na pikipiki ziwekwe kando kabisa. Nyingi hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi inayoogelea ndani ya oili hiyohiyo, na klachi hufanya kazi kwa msuguano. Kinachopunguza msuguano kwenye pistoni hakiwezi kuchagua kutoigusa klachi. Ndiyo maana oili za pikipiki zina kiwango chake cha Kijapani, JASO MA, kinachohakikisha klachi haitelezi, na chupa ya kupunguza msuguano inaweza kuuharibu uhakika huo ndani ya dakika chache.

Kuhusu kuokoa petroli

Dai hili linapita haraka kwa sababu hesabu yake ni fupi. Kutumia oili ya mnato uliopendekezwa na mtengenezaji badala ya isiyofaa huweza kuboresha matumizi ya petroli kwa takriban asilimia 1 hadi 2. Huo ndio ukubwa wa faida inayopatikana kwa kilainishi sahihi chote kizima. Chupa inayoahidi asilimia 10 au 20 juu ya hapo inadai kuliko msuguano uliobaki unavyoweza kutoa kwa urahisi. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limetathmini zaidi ya vifaa na bidhaa 100 zinazodai kuokoa petroli, na halijapata yoyote inayoongeza uokoaji huo kwa kiwango kikubwa. Tairi lenye upepo sahihi ni mshindani mgumu kwa chupa yoyote.

Ukiwa bado unataka kuamua kwa ushahidi

Kitabu cha gari ndicho shahidi wa kwanza, kwa kuwa aliyekiandika ndiye atakayedaiwa injini ikifa ndani ya dhamana. Honda, kwa mfano, huandika kwamba magari yake hayahitaji viongezeo vya oili na kwamba vinaweza kuathiri utendaji na uimara wa injini au gia. General Motors nayo huwaambia wateja wasiongeze chochote kwenye oili yenye kiwango chake cha dexos. Linganisha nafasi za mashahidi hao wawili: mtengenezaji wa gari hupoteza fedha injini ikiharibika mapema, naye bingwa hapotezi chochote.

Shahidi wa pili ni maabara. Uchunguzi wa oili iliyotumika, ambao wenye malori, mashine za ujenzi na jenereta wameutegemea kwa miaka mingi, hupima chembe za chuma, shaba, risasi na alumini zilizomo, na kiasi cha mnato na uchafu. Anayetaka kujua kama kiongezeo kinafaa gari lake anaweza kuchukua sampuli baada ya vipindi viwili vya oili tupu, kisha baada ya vipindi viwili vyenye kiongezeo, akitumia oili ileile, filta ya aina ileile na umbali uleule. Kipindi kimoja hakitoshi, kwa kuwa safari hubadilika na majira hubadilika. Ni kazi ya subira, na wengi wataona gharama yake haina maana kwa gari moja. Lakini ndiyo njia inayompa mtu jibu kuhusu injini yake na si kuhusu injini ya mwingine.

Sikio halifai kuwa shahidi. Injini iliyotoka kubadilishiwa oili hutulia kwa sababu ya oili mpya, na chupa, iliyomiminwa siku hiyohiyo, huchukua sifa.

Mimi mwenyewe kuna chupa moja ambayo ningeinunua bila kusitasita. Injini za zamani zenye kamshafti inayosugua moja kwa moja tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa nayo ili kufungua vali) zilibuniwa wakati oili ilikuwa na zinki na fosforasi nyingi kuliko ya leo, na wakati wa kuzizoeza baada ya kujengwa upya, dakika chache za kwanza zinaweza kuusaga uso wa kamshafti usirekebishike tena. Hapo kiongezeo cha ZDDP, au oili maalumu ya kuzoezea injini, kina sababu inayoelezeka kwa kemia, kina kipimo cha kutia, na kina mwisho wa matumizi. Chupa za aina hiyo mara nyingi huja na lebo isiyopendeza, imejaa maandishi madogo kuhusu uwiano wa ujazo, na hazina picha ya mtu.